Chumba cha Kulala Nyuma ya Pikapu

Ilianza na simu, kama upuuzi mwingi wa siku hizi. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Mbagala, umeme umekatika, nikawa naangalia video ya mzungu mmoja mwenye ndevu aliyejenga chumba nyuma ya pikapu yake. Alikuwa na kitanda, rafu ya vitabu, jiko dogo la gesi na mbwa. Kila asubuhi alifungua mlango wa nyuma, akanywa kahawa akitazama ziwa. Hakuna mtu aliyemwuliza anakwenda wapi, amefikia kwa nani, na kwa nini hakupiga simu kabla ya kuja. Si ziwa lililonitia tamaa, wala kahawa. Ni ule upweke. Mtu mzima mwenye akili timamu amelala kando ya barabara, na hakuna ndugu hata mmoja aliyekasirika.

Mimi ni mtu wa barabara. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na kueleza kwa ufasaha kwamba taifa lingeweza kuendelea bila utaalamu wangu, niliingia kwenye malori ya kusini kama utingo. Barabara ya Kilwa enzi hizo, ukishavuka Rufiji, ilikuwa tope lenye jina la barabara. Tulikwama, tukachimba, tukakwama tena. Nililala juu ya magunia ya korosho chini ya turubai, mahali ambapo hata dereva hakujua panaitwaje. Nilikuwa na njaa, mbu, kikohozi, na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo. Sasa kote ni lami. Basi linakuchukua alfajiri, linakuonyesha filamu ya watu wanaopigana, na mchana linakushusha Mtwara hujaona hata mti mmoja. Wanaita maendeleo, nami siwezi kubisha kwa sababu nina gari na lami inanifaa.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Kabla mgongo haujanigomea kabisa, nilitaka usiku mmoja kando ya barabara ile, mahali nitakapochagua mwenyewe, ndani ya kitu changu, bila kuwa mgeni wa mtu. Usiku mmoja tu.

Hapo pa kutokuwa mgeni wa mtu ndipo penye mfupa. Kati ya Mbagala na Mtwara nina ndugu kila baada ya kituo cha mafuta. Na kwetu, kupita mlangoni kwa ndugu ukaenda kulala kwingine ni tusi kuliko matusi yenyewe. Ukilala gesti, umewatangazia walimwengu kwamba shangazi yako anafuga kunguni. Shangazi yangu mwenyewe, dada wa marehemu baba, anakaanga samaki pale Somanga mabasi yanaposimama abiria wapate kula. Wengine wote wangenikasirikia, kisha wangesahau. Shangazi hasahau. Kuna watu wamekufa bado amewanunia.

Nikamweleza mke wangu mpango wangu. Alikuwa kwenye cherehani yake, hakuinua kichwa.

"Unataka kulala kwenye gari."

"Ndiyo."

"Kitanda unacho."

"Ninacho."

"Nyumba unayo."

"Ninayo, nashukuru."

"Kuna mtu kakufukuza humu ndani mie sijaambiwa?"

"Hakuna."

"Basi mwambie fundi akutengenezee na jirani wa kugombana naye, baba watoto, usije ukapungukiwa huko porini."

Alipomaliza kucheka akanipa sharti. Pikapu ile ndiyo inayotulisha. Inabeba saruji na nondo za mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka alikuwa amekwenda umra, akafunga duka kwa wiki mbili. Siku anafungua, Jumatano asubuhi, pikapu iwe wazi nyuma, iko mlangoni kwake. Ikikutwa na kitanda, kazi anapewa mwingine. Wenye pikapu wasio na vitanda ni wengi Mbagala. Nikasema hilo jepesi. Chumba kitafungwa kwa bolti nne. Unafungua bolti, unashusha, unabeba saruji.

"Bolti nne," mke wangu akasema, kwa sauti anayotumia kusoma tangazo la mganga.

Fundi niliyemwendea anachomelea mageti karibu na Rangi Tatu. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, anayevaa miwani ya jua badala ya kioo cha kuchomelea na bado anaona vizuri kuliko mimi. Nilimpelekea mchoro. Fremu nyepesi ya mabomba ya mraba, ubao mwembamba pembeni, bati juu, madirisha mawili, mlango nyuma, bolti nne chini. Alinisikiliza akitikisa kichwa kama daktari anayejua mgonjwa hafiki mbali.

"Nimekuelewa, braza. Kazi ya siku tatu."

Kwa mafundi, siku tatu ni salamu. Haina uhusiano wowote na siku. Niliporudi siku ya tatu alikuwa kwenye msiba. Nikarudi tena, umeme haukuwepo. Nikarudi, umeme ulikuwepo lakini mtu wa geti alikuja analia kwamba wezi wamemzoea, kwa hiyo geti lilitangulia. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, pikapu yangu imelala kwenye vumbi la kiwanda, mimi nazunguka na bodaboda.

Siku niliyoitwa kuangalia, nilikuta madirisha yana nondo. Si nondo tu. Nondo zenye maua, zile zilizopindwa kama majani ya mnanaa, za nyumba ya mtu aliyestaafu vizuri.

"Mbona umeweka nondo?"

"Si ulisema dirisha?"

"Nilisema dirisha."

"Sasa dirisha bila nondo si tundu hilo?"

"Hili ni gari, fundi. Nitakuwamo ndani nimelala."

"Ndo maana sasa. Asiyekuwamo ataibiwa nini?"

Mlango wa nyuma nao ulikuwa geti kamili, na komeo mbili, na mahali pa kufuli nje na ndani. Rangi alikuwa ameshaamua bila mimi: bluu ile ya mageti, na maua yamepakwa dhahabu. Aliuliza kama ningependa dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, nikakataa, na nilimwona ameumia. Kitanda nacho kilimpa shida. Matairi yanavimba ndani ya bodi kutoka pande zote mbili, kwa hiyo tano kwa sita haikuingia, wala nne kwa sita. Kikabaki kitanda cha mtu mmoja.

"Shemeji kasemaje?" akauliza kwa upole.

"Shemeji haendi."

Akavua miwani akanitazama. Nadhani alidhani nimeachwa, kwa sababu baada ya hapo aliongeza rafu ya sufuria bila kunidai.

Siku ya kuchukua gari, nyuma ilikuwa imeinama kama mbuzi anayetaka kulala. Nilizunguka mara ya kwanza nikisifu, mara ya pili nikitafuta.

"Bolti ziko wapi?"

"Bolti za nini tena, braza? Bolti zinaibwa! Mtu anakuja na spana yake, anafungua taratibu, anaondoka na nyumba yako nzima wewe uko sokoni. Nimekuchomelea kwenye chesesi kabisa." Akalipiga teke. "Hilo hata ligongwe na treni, treni ndo itapelekwa gereji."

Nilimweleza habari ya Jumatano, saruji, na mwenye duka aliyeko umra. Akasikitika sana. Akaniambia hakuna neno, nilirudishe Jumanne jioni atalikata, ila kukata ni kazi nyingine. Nilielewa kwamba kazi nyingine ni malipo mengine. Siku zilizonibakia zilikuwa za mwisho wa juma, pamoja na Jumatatu.

Nilikusudia kuondoka Ijumaa. Nilikuwa nimesahau kwamba pikapu yangu si yangu.

Katika mtaa wetu kuna pikapu moja tu ambayo mwenyewe hana roho mbaya, na ni ya kwangu. Kwa hiyo imebeba viti vya misiba, maturubai, masufuria ya pilau, wagonjwa, na makabati ya waliohama na ya waliorudi. Zaidi ya yote hubeba matarumbeta. Harusi haiwezi kwenda kumchukua bibi harusi bila pikapu ya matarumbeta mbele, vijana wamesimama nyuma wanapuliza mpaka mishipa inawatoka. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa anaoza binti yake Jumamosi. Alhamisi akaja, akalitazama sanduku lile la bluu kwa muda.

"Jirani, hili unalitoa lini?"

"Halitoki, mjumbe. Limechomelewa."

"Aisee." Akafikiri. "Basi wataingia humo humo."

"Mjumbe, mie Ijumaa nasafiri."

"Unakwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ningekuwa nakwenda kuzika angeniachia. Ningekuwa nakwenda kuuza shamba angeniachia. Huwezi kumwambia mzee mwenye binti anayeolewa kwamba unashindwa kubeba matarumbeta kwa sababu unakwenda kulala.

Kwa hiyo Jumamosi mchana niliendesha chumba changu cha faragha kikiwa na wanaume saba ndani. Walikuwa na sare nyekundu na kofia. Ngoma ilikaa juu ya godoro langu jipya. Wenye tarumbeta ndogo waliingiza midomo ya tarumbeta katikati ya maua ya dhahabu na kupuliza nje. Tarumbeta kubwa haikupita kwenye nondo, mwenye nayo akakaa getini miguu ikining'inia, anapuliza kuwaelekea wanaotufuata, na gari la bwana harusi ndilo lililotufuata. Joto lililokuwamo humo sitaki kulisemea. Kila tulipopunguza mwendo niliwasikia wakiomba maji kati ya wimbo na wimbo.

Pale Zakhem, kwenye foleni, jamaa mmoja aliyekuwa anauza miwa akasimama, akaangalia nondo, akaangalia sare, akaangalia mikono iliyoshika nondo kutafuta hewa. Akapiga kelele barabara nzima isikie:

"Jamani eeh! Wafungwa wanaoa!"

Tangu dakika ile chumba changu kiliitwa karandinga, kama lile gari la kubebea wafungwa. Jumapili watu waliokuja kunisalimia walikuwa wakiuliza hali ya karandinga kabla ya kuuliza yangu. Mke wangu alikuwa ameona video yetu kwenye simu za watu watatu tofauti. Alifua shuka, akaanika godoro lililonuka kama timu ya mpira, kisha, bila kuombwa, akashona mapazia mawili madogo ya kitenge.

"Ili usionekane unavyolala mdomo wazi," akasema. Halafu: "Shangazi umemwambia?"

"Nitampigia nikirudi."

Akaweka pini zake chini. "Utapita Somanga, mchana kweupe, na hiyo karandinga yenye maua, na shangazi yupo pale anakaanga samaki, halafu asijue."

"Nitapita wakati mabasi yameshaondoka. Huwa anapumzika."

"Haya. Mie sikuwepo wakati unasema hayo."

Jumatatu asubuhi niliondoka. Hadi Kongowe nilikuwa na wasiwasi, baada ya Mkuranga nikaanza kupiga mluzi. Gari lilikwenda polepole. Kila kilima nilikipanda kama bibi anayepanda ngazi, nikihesabiwa na malori yaliyonipita. Karibu na Kibiti trafiki akanisimamisha. Alikuwa mtu mstaarabu na nilimwona anajitahidi.

"Mzee, umebeba nini humo?"

"Kitanda."

"Unampelekea nani?"

"Cha kwangu."

"Unahamia wapi?"

"Sihami, afande. Nakwenda kulala tu, kesho narudi."

Alifungua geti, akachungulia mapazia ya kitenge, godoro, rafu ya sufuria. Akafunga. "Kwenu hakuna pa kulala?" akauliza, si kwa ubaya. Nilipomwambia papo, alinirudishia leseni na kunitakia usingizi mwema. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilivuka Rufiji. Nilifika Somanga mchana, saa niliyoipanga. Nilifunga kioo, nikashusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikaangalia mbele kama mtu anayesindikiza maiti. Nililiona jiko la shangazi, moshi mwembamba, na kiti chake kitupu. Nikapita. Nilipovuka kibanda cha mwisho nilicheka peke yangu ndani ya gari, kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma bweni.

Nilikwenda mbele kiasi cha kutosha. Nikaona kijia cha mchanga kinachoingia kwenye mikorosho, nikakifuata mpaka barabara ikawa mlio tu. Nikazima gari. Nikafungua geti la nyuma, nikawasha jiko la gesi, nikabandika maji ya chai na kipande cha tangawizi, nikakaa miguu ikining'inia nje. Upepo uliingia kwenye dirisha moja ukatokea jingine, ukatikisa mapazia. Hakuna mtu aliyejua nilipo. Nasema kweli kwamba kwa muda ule maji yalipokuwa yanachemka nilikuwa yule mzungu, bila mbwa.

Simu ikaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umepita."

Hakuuliza. Alikuwa ananijulisha.

"Shangazi, nilikuwa..."

"Kaniambia dereva wa basi. Kaniambia muuza korosho. Kaniambia mtu wa bodaboda aliyekuwa hata hanijui. Pikapu ya bluu ina madirisha ya nyumba. Mwingine akasema hilo karandinga la serikali, nikamwambia la hasha, serikali haina rangi za kuchezea namna hiyo, huyo ni wa kwetu."

"Nilifikiri umepumzika, shangazi, sikutaka..."

"Nimekuwekea kichwa cha kolekole. Kinapoa."

"Chai yangu ndo imechemka sasa hivi."

"Mwagia mkorosho," akasema shangazi, akakata.

Niliendesha kurudi nikipanga hoja. Nilikuwa nazo tatu, zote nzuri, zingeweza kusimama mahakamani. Hazikuhitajika. Nilipoingia uani kwake shangazi alikuwa amesimama na mwiko, kanga moja kiunoni na nyingine begani, na nyuma yake wanawake wa stendi waliokuwa wamekuja kusaidia kutazama. Alilizunguka sanduku. Akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Akavuta pazia la kitenge, akalipima kati ya vidole.

"Hii kashona mkeo."

"Ndiyo."

"Kashona vizuri. Yeye sina ugomvi naye." Akageuka. "Kwa hiyo umejenga nyumba ili usije kwangu."

"Sivyo, shangazi. Nilitaka nisikusumbue."

"Nani kakwambia nasumbuka?"

"Hakuna. Ila kila tukija unahama kitanda, unalala chini, unachinja kuku..."

"Sasa mgeni asiyesumbua ni mgeni? Huyo si mpita njia tu?"

Wanawake wa stendi wakaitikia kama kwaya. Nikala kichwa cha kolekole nikiwa nimesimamiwa. Baadaye, kwa kuwa bado nilikuwa na matumaini, nikaleta suluhu. Nikasema basi hakuna haja ya kugombana. Siondoki, lakini nitalala humo humo ndani ya gari, hapa hapa uani. Hivyo nitakuwa kwake na pia nitakuwa kwangu.

Nilidhani nimekuwa mwerevu. Shangazi aliweka mwiko chini.

"Uani kwangu? Watu wapite asubuhi wamwone mtoto wa kaka yangu kalala kwenye gari kama gunia la mkaa, mie niko ndani nimejinyoosha kitandani? Wewe mtoto unanitakia nini?"

"Lakini godoro zuri, shangazi."

"Zuri?"

"Zuri sana."

"Basi nitalala mie. Wewe utalala kitandani kwangu, kama mgeni."

Na ikawa hivyo. Alipanda getini akiwa ameshika bega langu, akakaa juu ya godoro, akajipiga mapaja kuonyesha ameridhika, kisha akafunga komeo zote mbili kutoka ndani. Usiku wangu mmoja kando ya barabara ya kusini uliingia mle ndani pamoja naye, nami nikaenda kulala chini ya chandarua chake, kwenye mto unaonuka karafuu.

Kulala ni neno la adabu. Kabla ya adhana, mlango uligongwa. Ni wavuvi wamemletea samaki, wakanikuta mimi. Nikapokea samaki. Nikarudi kitandani, ukagongwa. Jirani anataka moto. Nikampa. Ukagongwa, mwingine anataka chumvi, na alipoona ni mwanamume kafungua akarudi nyuma hatua kadhaa na kunisalimia kwa heshima kubwa mno. Akaja mama mmoja aliyekuwa amegombana na mumewe, akitaka shangazi aamue. Nikamwambia shangazi amelala. "Amelala?" akauliza, kama aliyeambiwa bahari imefungwa. Akakaa barazani kusubiri. Kukapambazuka nikiwa nimepokea wageni wengi kuliko mwenye gesti, nimekoroga uji wa watu, na basi la kwanza limesimama na kupiga honi mbele ya jiko la baridi. Dereva akashuka kuuliza kama kuna msiba.

Jua lilikuwa limepanda vizuri geti lilipofunguka. Shangazi alishuka taratibu, uso umekunjamana kwa usingizi kama wa mtoto. Hakumjibu dereva. Hakumtazama mama wa ugomvi. Alikaa kwenye kiti chake, akaomba maji, akanywa yote.

"Pana joto," akasema.

Nikamwongezea maji.

"Nilisikia wanagonga. Nilisikia kila mmoja. Nikasema leo hawajui niko wapi." Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Tangu nimeolewa sijawahi kulala mahali ambapo mtu hajui pa kunigongea. Nilikuwa nimelala humo nawasikia wanakusumbua wewe."

Hicho alichokuwa anakieleza nilikuwa nimekitafuta kwa video, fundi, matarumbeta na mafuta ya tangi zima. Yeye alikipata kwa kunigombeza.

"Hilo utaliacha," akasema.

"Shangazi, nimelijenga mie."

"Na wewe ulijengwa na nani?"

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na Jumatano, nilikuwa na saruji, nilikuwa na fundi wangu Rangi Tatu aliyeahidi kulikata Jumanne jioni, na Jumanne ndiyo ilikuwa hiyo. Lakini kukatwa lilikuwa likatwe tu, na kwangu Mbagala lingekuwa banda la kuku kabla ya mwezi kwisha. Na yule mwanamke, katika umri wangu wote, hakuwahi kuniomba kitu. Amenipa amri nyingi, na samaki wengi, lakini hakuwahi kuomba. Hata hii haikuwa ombi. Ila ilikaribia, na kwa shangazi kukaribia ni kufika.

Karibu na stendi kuna fundi anayechomelea chesesi za malori. Alilikata chini ya saa moja, akashangaa nani alichomelea kwa chuki namna ile. Wanaume wa stendi wakalibeba wakilalamika uzito wa nondo, wakaliweka juu ya matofali nyuma ya jiko, mgongo kwa barabara. Shangazi alisimamia kila tofali. Pikapu iliinuka nyuma kwa raha hadi nikaona aibu kwa niaba yake.

Nilifika Mbagala jioni, nyuma patupu. Mke wangu alitoka, akatazama palipotarajiwa kuwa na nyumba.

"Ulilala?"

"Nililala."

"Wapi?"

"Kitandani kwa shangazi."

Alikaa chini kwenye ngazi ili acheke vizuri. Alipoweza kuongea akauliza kama mapazia yalipendwa, nikamwambia hayo ndiyo pekee yaliyosifiwa. Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwenye duka, nimepakia saruji, nikijibu salamu za hao waliotaka kujua karandinga imefungiwa wapi.

Siku hizi shangazi hapatikani. Nikipiga simu mchana inaita mpaka inachoka. Makondakta wa kusini wananiambia kuna saa jiko linaachiwa binti wa jirani, na ukiuliza bibi yuko wapi unaambiwa hajulikani alipo, huku kila mtu anaangalia pembeni. Stendi nzima inajua, na stendi nzima imekubali kutojua. Mimi sijawahi kufanyiwa hisani ya namna hiyo na mtaa wowote.

Juzi nilimpata, asubuhi mapema. Nikamwambia nina mzigo wa kupeleka Lindi, huenda nikapita.

"Usipite. Ingia," akasema. "Kitanda chako kipo ndani. Nitachinja kuku."

"Shangazi, nikija, ninaweza kukaa mle chumbani kidogo? Mchana tu, sitalala usiku."

Nikasikia mafuta yanaruka kwenye karai, na mtu anaomba vipande viwili vya nguru.

"Mchana," akasema shangazi, "ndo nalalaga mie."